Matembezi ya Utamaduni Bagamoyo Msimu wa Kipupwe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa familia, walimu, wanakwaya na vikundi vya parokia au madrasa wanaotaka kuitembelea Bagamoyo kati ya Juni na Septemba. Kabla ya swali la kwanza, shika hili: ratiba ya Bagamoyo hupangwa kwa kuangalia jua, sala na maji ya bahari. Safari nyingi zinazoharibika zimepangwa kwa saa ya mkononi tu.

Kwa nini kipupwe na si Desemba?

Masika yanakuwa yamekwisha, njia za vumbi zimekauka, kusi linavuma na mwezi Juni shule hufunga. Desemba nayo ina likizo, lakini joto la kaskazi na mabaki ya vuli humchosha mtoto kabla ya saa tano asubuhi. Kumbuka tu kwamba mwezi Juni na Julai siku ni fupi kidogo: jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu na kuzama kama saa kumi na mbili na robo jioni. Usiku ufukweni kuna ubaridi, kwa hiyo beba kitenge au sweta hata kama mchana ulitoka jasho. Julai na Agosti wageni wa Ulaya nao wako likizoni, na vyumba vya mwisho wa juma hujaa mapema.

Siku moja inatosha?

Kwa anayetoka Dar es Salaam, umbali wa kilomita 70 hivi, siku moja inatosha kwa maeneo matatu: Magofu ya Kaole, Mji Mkongwe na Misheni ya Kikatoliki. Ukiongeza soko la samaki, mashua na onyesho la ngoma, utaviona vyote kwa kupita tu. Ushauri wetu ni siku mbili na usiku mmoja.

Kwa siku moja, fika kabla ya saa tatu asubuhi uende Kaole moja kwa moja, kwa sababu pale kivuli ni kidogo na mawe hupata moto. Saa tano na nusu rudi mjini, ule, upumzike. Saa nane ingia Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, na Mji Mkongwe, ambako vichochoro vina kivuli. Misheni iwe ya mwisho, kuanzia saa tisa na nusu. Jua la jioni likipita kwenye miembe ya barabara ya Misheni, hata mtoto aliyekuwa analia njaa hunyamaza.

Ijumaa ratiba hii inabadilika. Kuanzia saa sita mchana hadi kama saa nane watu wengi wako msikitini, maduka kadhaa hufungwa, na huenda mwongozaji wako akaomba ruhusa. Usimpangie kazi saa hizo. Jumapili asubuhi nayo kanisa ni la waumini; peleka Misheni mchana.

Usafiri ukoje?

Daladala za Bagamoyo hupatikana stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam. Hesabu saa moja na nusu hadi mbili na nusu njiani. Foleni kati ya Mwenge na Bunju ndiyo inayoamua. Wanaotoka Tanga, Moshi au Arusha hawana haja ya kuingia Dar: shuka Msata, kisha ushike barabara ya lami ya Msata–Bagamoyo, kilomita 64 hivi. Ndani ya mji bajaji zinatosha. Kwenda Kaole, kilomita 5 kusini ya mji, patana na dereva nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja. Ukilipia kwenda tu, utatoka magofuni saa sita mchana usione bajaji hata moja.

Njia ya ufukweni kwenda Kaole kwa miguu tunaikataza kwa mtu aliye peke yake. Inapita penye mikoko, mbali na nyumba za watu, na maji yakijaa hukata njia.

Kaole kuna nini zaidi ya kuta zilizobomoka?

Kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20 ya mawe ya matumbawe, ya mji wa Waswahili uliokuwa na biashara yake karne nyingi kabla ya Bagamoyo kupata jina. Simama kwanza mahali ulipokuwa mlango wa msikiti mkubwa utazame kibla: utaona jinsi mafundi walivyochonga matumbawe laini kwa ukingo mnyoofu. Jiwe la tumbawe likitoka majini huwa laini, huchongwa upesi, kisha hukauka na kuwa gumu. Ndiyo sababu ukingo ule bado unasomeka.

Baada ya hapo nenda kwenye makaburi yenye nguzo. Tazama juu kwenye nguzo: kuna vishimo vya duara, vya ukubwa wa bakuli. Humo yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, na baadhi ya vyombo vya namna hiyo utaviona kwenye makumbusho ndogo hapo hapo. Mtu aliyezikwa pale hakuwa mvuvi wa kawaida, na ndugu zake walitaka kila apitaye ajue hivyo.

Uliza pia bahari iko wapi. Wengi hutoka Kaole bila kuuliza, na jibu lake ndilo linaloeleza mji ulivyokufa. Ghuba ilijaa tope, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kufika, na wafanyabiashara wakahamia kaskazini. Wenyeji hueleza kwamba jina Kaole lilitokana na neno la Kizaramo la kumwambia mtu akaangalie.

Usiegemee kuta wala kupandisha watoto juu yake kwa ajili ya picha. Kinachoshika mawe ni chokaa iliyochomwa kwa matumbawe. Chumvi ya upepo, unyevu na mizizi vimeila kwa ndani. Ukuta unaoonekana imara unaweza kuachia jiwe kwa mkono wa mtoto wa miaka kumi.

Je, makaburi ya Kaole bado yanatembelewa kwa ibada?

Ndiyo. Kwenye baadhi yake utakuta ubani, vitambaa au sarafu. Ni dua za watu. Usiguse, usihesabu fedha hizo, na ukikuta mtu anaomba, subiri kando mpaka amalize. Mavazi yafunike mabega na magoti. Mwanamke awe na mtandio karibu.

Mimi si Mkatoliki. Naweza kuingia kanisani Misheni?

Unaweza, saa isiyo ya ibada. Vua kofia, zima mlio wa simu, usipite mbele ya altare, usikae kwenye kiti cha padri hata kwa mzaha wa picha. Ukikuta misa imeanza, ama kaa nyuma hadi mwisho ama subiri nje. Kuingia na kutoka katikati kunawavuruga waumini.

Wengi hukosea mpangilio kwa kuanza na kanisa kubwa. Anza na makumbusho, iliyo katika nyumba ya zamani ya masista ya mwaka 1876. Humo kuna minyororo, picha na maandishi yanayoeleza kwa nini Mapadri wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakaanzisha misheni ya kwanza ya Kikatoliki Tanzania Bara, na jinsi kilivyojengwa kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Ukishayajua hayo, nenda kwenye mbuyu, kisha mnara wa kanisa la kwanza la mwaka 1872, kisha kanisa lililokamilika mwaka 1914. Malizia makaburini. Soma miaka ya kuzaliwa na kufa kwenye misalaba: wengi walikuwa vijana, na homa iliwamaliza muda mfupi baada ya kufika.

Mnyororo ulio ndani ya mbuyu uliingiaje?

Haukuingia, mti ndio ulioufuata. Mbuyu ule ulipandwa mwaka 1868. Inasimuliwa kwamba Madame Chevalier, aliyekuwa akiuguza wagonjwa Misheni, alimfunga punda wake hapo kwa mnyororo, ukaachwa. Shina la mti hunenepa kwa tabaka hai lililo chini ya gome. Likikuta chuma halikisukumi, hukizunguka na kukifunika kidogo kidogo. Leo kinachoonekana ni kipande kifupi kinachochungulia kwenye gome, na pembeni yake gome limekunjamana kama mdomo uliofumbwa. Usikivute. Kila mgeni akivuta kidogo, gome hupata jeraha na maji huingia.

Livingstone amezikwa Bagamoyo?

Hapana, na swali hili huulizwa kila wiki. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na moyo wake ukazikwa huko. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani. Ulifikishwa Misheni Februari 24, 1874, ukawekwa kwenye mnara ule wa kanisa, kisha ukavushwa Zanzibar na kupelekwa London, ukazikwa Westminster Abbey Aprili mwaka huohuo. Walimu, tunawaomba: mwanafunzi akitoka pale awe anayataja majina ya Chuma na Susi kwa wepisi uleule anaolitaja la Livingstone. Kazi ilikuwa yao.

Jina Bagamoyo lina maana gani hasa?

Linatokana na "bwaga moyo", na kuna maelezo mawili. La kwanza ni la mpagazi: amefika pwani baada ya miezi njiani, anatua mzigo na moyo unatulia. La pili ni la mtumwa: hapa ndipo anapouacha moyo wake, kwa kuwa akipanda chombo harudi tena kwao. Waongozaji wengi husimulia la pili peke yake. Uliza na la kwanza. Katika misafara ya pembe iliyotoka Ujiji na Tabora, wapagazi wengi walikuwa watu wa kulipwa, hasa Wanyamwezi, na mji huu uliishi kwa kuwalisha na kuwalaza. Biashara ya watu nayo ilipita njia hiyohiyo. Hakuna ulazima wa kuchagua moja ukatupa lingine.

Njia hiyo, ikiwa na vituo vya Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Pale Caravan Serai ndipo mahali pazuri pa kuieleza kwa ramani kabla ya kuanza kutembea.

Mji Mkongwe nitazame nini?

Tembea kutoka Caravan Serai kuelekea baharini: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, jengo la forodha, makaburi ya Wajerumani. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam penye bandari yenye kina. Baadhi ya majengo yana nyufa. Palipozungushiwa kamba usipite.

Lakini usiishie kwenye maboma. Chagua mlango mmoja wa nakshi ukae nao dakika tano. Anza na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya wa mbao mbili. Halafu fremu: ukiona mnyororo umechongwa ukingoni, mawimbi au samaki chini, maua juu, ujue fundi alikuwa na mpango. Kisha shusha macho kwenye baraza la jiwe nje. Kwa kawaida baraza lina mwenyewe. Toa salamu, bisha hodi, ndipo upige picha.

Tamasha la TaSUBa ni lini, na nijiandaeje?

Tamasha la Kimataifa la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo lilianza mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya Chuo cha Sanaa kuanzishwa. Chuo hicho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Kwa miaka mingi limefanyika Septemba au Oktoba, na miaka mingine likasogezwa hadi Novemba. Kosa linalowagharimu watu ni kulipia chumba kwa tarehe ya mwaka jana. Pata tarehe kutoka kwenye taasisi yenyewe, kisha lipia malazi.

Mchana huwa na warsha, maonyesho ya kazi za mikono na vikundi vidogo. Usiku ndio wa jukwaa kubwa: ngoma, maigizo, sarakasi, muziki. Mwenye watoto aje mchana, alale mapema. Wa usiku abebe tochi, dawa ya mbu na nguo ya mikono mirefu, kwani ukumbi uko karibu na bahari na mbu hawana tamasha. Kaa ubavuni mwa jukwaa, si mbele ya spika. Mlio wa zeze na marimba utausikia vizuri zaidi.

Kama hupati tamasha, ulizia maonyesho ya wanafunzi wa taasisi. Watazamaji ni wachache, unaona mikono ya mpigaji kwa ukaribu, na baada ya onyesho unaweza kuuliza.

Kwa nini ngoma huchelewa kuanza?

Mara nyingi ni ngozi. Ngoma za pwani huwambwa ngozi ya mnyama kwa vigingi vya mti, na hewa ya bahari, hasa jioni ya kipupwe, huilegeza. Ngozi iliyolegea hutoa mlio mzito usio na makali. Kwa hiyo wapigaji huwasha moto wa makuti makavu au karatasi, wakazielekeza ngoma kwenye joto huku wakizigonga kwa ncha za vidole. Sikiliza mlio unavyopanda kidogo kidogo mpaka unapata ukali. Wakiharakisha, ngozi hukauka upande mmoja ikapasuka, na jioni hiyo ngoma haipigwi. Msogeze mtoto aone, kwa umbali wa hatua tatu au nne.

Na Maulidi?

Ukiipata, usiikose. Bagamoyo ni kituo kikubwa cha Kadiria, tarika (njia ya Kisufi) ya Waislamu, kwa sababu ya Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa kutoka Umanyema (mashariki mwa Kongo ya leo), akaja kuwa mwanazuoni anayefuatwa na watu kutoka mbali. Tunapenda wageni waliotoka Misheni walijue hili: mji huu una nyumba mbili za ibada zilizokuzwa na watu waliowahi kuitwa mali.

Maulidi hufuata Mfungo Sita, na mwezi huo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Kwa miaka hii unaangukia ndani ya kipupwe. Tarehe ya shughuli ya Bagamoyo hutangazwa na wenyeji wake, kwa hiyo uliza mapema. Kuna dufu, kasida na zikri (kumtaja Mungu kwa pamoja) hadi usiku mwingi. Vaa kwa staha, wanawake na wanaume wakae wanapoelekezwa, na usipige picha ya mtu aliye kwenye zikri bila ruhusa ya mwenyeji.

Ninaleta wanafunzi 40. Nifanye nini?

Andika barua ya utambulisho wiki mbili kabla, ikitaja idadi, darasa na saa ya kufika. Vyumba vya makumbusho ni vidogo: gawa vikundi viwili vya 20, kimoja ndani na kingine nje na mwalimu, kisha wabadilishane kila baada ya dakika 30. Maji lita moja na nusu kwa kila mtoto. Mwongozaji mmoja kwa watoto 40 hasikiki, chukua wawili. Na mpe kila mtoto kitu kimoja cha kuchora badala ya kunakili maelezo ya ukutani, kwani anayenakili huwa hatazami.

Kiingilio hulipwaje?

Misheni ina kiingilio chake, na tiketi ya serikali haitumiki huko. Raia hulipa chini ya mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Maeneo ya serikali mara nyingi hulipiwa kwa namba ya malipo kupitia simu. Weka salio kabla hujafika, na dai risiti. Malipo ya mwongozaji patana kabla ya kuanza, mbele ya kikundi kizima. Mwongozaji wa kweli atakuonyesha kitambulisho bila kuombwa mara mbili.

Nikitaka kupanda mashua?

Hapa maji ndiyo yenye amri. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne. Saa hiyo ya nne utakuta tope refu na mashua zimelala ubavu. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mwulize nahodha siku moja kabla, na usipande chombo kisicho na maboya ya kujiokolea. Kusi likivuma sana mchana, ahirisha.

Chakula?

Karibu na jengo la forodha kuna soko la samaki. Mnada huchangamka asubuhi vyombo vinapoingia, na wakaangaji wako hapohapo. Chagua samaki mwenye jicho angavu na shavu jekundu, akaangwe ukiona. Mihogo na pweza ni vya jioni. Wakati wa Ramadhani kula ndani, si barabarani.

Droni inaruhusiwa?

Droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla hujaondoka nyumbani. Hakitolewi getini.

Mtoto ameokota kigae cha zamani Kaole. Tunaweza kuondoka nacho?

Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza. Kigae kikiwa mahali pake humwambia mtafiti ni tabaka gani, la wakati gani, nyumba ya nani; kikiwa kwenye mfuko wa suruali hakisemi kitu. Msimgombeze mtoto. Rudini naye hadi hatua ile aliyookota, mwiteni mwongozaji, mtoto amwonyeshe mwenyewe kilipokuwa na upande gani ulikuwa juu, kisha amkabidhi.